Wavu wa Shaba

Humu katika chombo cha angani tunasikiliza nyota, na kitu chochote cha umeme kinachovuruga vipimo hufungiwa ndani ya wavu wa shaba. Ndiyo maana mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, anaishi kizimbani kama kuku. Eti mashine inayosukuma moyo wake ina kelele za umeme.

Jana mwanangu mchanga alipandikizwa mashine kama hiyo. Leo fundi kaja kupima kitanda chake.

"Basi mweke na bibi yake," nikamsihi.

"Kelele mbili wavu mmoja? Zitavurugana. Haiwezekani, dada."

"Nitamnyonyesha vipi?"

"Utakamua. Kuna tundu la chupa."

Bi Mwanakombo alikuwa akilia, vidole vyake vimeng'ang'ania wavu. Fundi akakunja futi yake, akatabasamu.

"Usihofu, nimeacha nafasi ya kukua."