Jina la Mpokeaji

Simu ya Bi Tabu ilikuwa na programu tatu za kutuma pesa, na kila moja ilimshawishi aziache zile nyingine.

"Tumia hii mpya, mama," alisema Nasra, wakala wa kibanda cha kona. "Kwa rafiki hawakukati hata senti."

"Si rafiki. Ni rambirambi tu, kafiwa na mama yake."

Yeye na Siwema, aliyesoma naye tangu utotoni, hawakuwa wamesalimiana kwa miaka minne, na Tabu alitaka kutimiza wajibu bila kulazimika kupiga simu.

Nasra akaingiza namba. Programu ya zamani ingeleta jina la kitambulisho, Siwema Kombo. Hii mpya iliwaachia watu wajiandike wapendavyo, na ndivyo ilivyowavuta wengi. Kwenye kioo likatokea neno moja: Wema.

"Tumekosea namba, mama. Huyu anaitwa Wema."

Tabu aliichukua simu. Yeye ndiye aliyeikata ile "Si" wakiwa darasa la pili, siku wenzao walipomcheka Siwema kwa jina lake mpaka akalia. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo.

"Namba ni hiyo hiyo," alisema.

Akaandika kiasi. Chini yake pakafunguka kisanduku: Andika neno kwa rafiki yako.

"Hapo unaweza kuruka," Nasra alimwambia. "Si lazima."

Tabu akavuta kiti, akaketi. Ndani ya kisanduku kijistari kilikuwa kikiwaka na kuzimika, kikingoja herufi ya kwanza.