Kanga ya Salha

Kwa miaka sita, nyimbo zote alizotunga Shamte ziliimbwa na mkewe, Mwanakombo, zikarekodiwa humo humo chumbani mwao, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Sasa Shamte alikuwa amepata programu ya kompyuta inayoimba kwa sauti ya kike. Akaipa na jina, Salha.

"Salha ni nani?"

"Jina tu, mama watoto. Si mtu."

"Si mtu, na unamsikiliza umefumba macho?"

Shamte alipokwenda kuswali alasiri, Mwanakombo alibonyeza kitufe. Salha akaanza kuimba. Mwanakombo akaidaka sauti ile ile, wakaivuta pamoja mpaka yeye pumzi zikamwishia. Mwenzake hakutetereka, wala Mwanakombo hakujua pa kumzimia.

Akafungua sanduku, akachagua kanga, akaifunika kompyuta na spika zake. Maandishi aliyaelekeza ndani: "Umekaribishwa sebuleni, usijipeleke chumbani."

Shamte aliporudi, Salha angali akiimba, aliinua pindo, akasoma, akaangua kicheko. "Mke wangu, huyu hajui kusoma!"

Mwanakombo hakucheka. Alikuwa akiitazama kanga yake, jinsi ilivyopanda na kushuka taratibu mbele ya spika, kama iliyofungwa kifuani mwa mtu anayepumua.