Kipindi cha Kumi na Saba

Gari lilizimika tena palepale, kwenye kona ya juu inayotazama ziwa, mbele ya kibanda cha chai. Halikuruka wala kutetemeka. Lilinyamaza tu.

"Klachi, mama. Klachi!" alisema mwalimu wa udereva, ingawa hakuwa na hasira hata chembe.

"Mguu wangu huu una kichwa kigumu," mwanafunzi wake akajibu, akivuta breki ya mkono. "Haya, tunywe chai injini ipoe."

Ndivyo walivyofanya Jumanne zote kumi na sita zilizopita. Wanafunzi wengine aliwafundishia mjini, kwenye uwanja wa vumbi, wakizunguka mapipa. Huyu mama mstaafu, mwenye miwani mikubwa, ndiye pekee aliyeomba barabara ya milimani. Walipanda taratibu kati ya misonobari, bonde likifunguka upande wa kushoto. Malori yaliyoteremka yalimpigia honi, naye akayapungia mkono bila kupepesa jicho. Mwalimu aliona ni ule ujasiri wa kijinga wa wanaoanza.

Wakaketi kwenye benchi na vikombe vyao. Ziwa lilikuwa limetulia, lakini leo mwalimu hakuwa na hamu ya kulitazama.

Ofisi ilikuwa imempangia mama mtihani kesho yake. Akifaulu, Jumanne ingekuwa siku kama siku nyingine. Tangu mwalimu afiwe na mkewe, nyumbani kwake aliyekuwa akimsemesha ni redio, nayo haijali umejibu au hukujibu. Mama huyu alimuuliza ameamkaje, amekula nini, na kwa nini kifungo cha shati kinaning'inia. Kipindi cha tano alikishona papo hapo, kwenye benchi hili, akimfokea asitikisike.

Ndiyo maana mwalimu alifanya jambo la aibu. Hakuwahi kumfundisha kurudi nyuma. Kila alipoulizwa alisema, "Hatujafika huko." Na asiyejua kurudi nyuma hapewi leseni.

"Mama," alisema hatimaye, "kesho utaanguka mtihani. Na kosa ni langu."

Akamweleza yote, macho kwenye kikombe. Alieleza mpaka habari ya redio. Kisha akangoja maneno makali, na aliona anayastahili.

Mama alimalizia chai yake, akaweka kikombe kwenye benchi.

"Mimi hata redio yenyewe iliharibika," alisema.

Akainuka na kunyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Walipokuwa wakinywa chai, lori lilikuwa limekuja kuegeshwa mbele ya gari lao, pua kwa pua. Njia ya kutoka ilibaki moja tu: kinyumenyume, kwenye upenyo mwembamba kati ya kibanda na ukingo wa bonde. Mwalimu aliruka kutoka kwenye benchi.

"Mama, usiguse! Hapo nitatoa mimi."

"Kaa. Chai yako inapoa."

Akaingia, akawasha. Akatupa jicho moja kwenye kioo, akalirudisha gari kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukiweka sawa miwani. Gari lilipita shubiri moja kutoka ukutani, likajikunja, likasimama barabarani likielekea mjini. Mwalimu alibaki na kikombe hewani.

Dereva wa lori alitoka kibandani akitafuna mkate, akalitazama gari lenye vibao vyekundu vya mwanafunzi, kisha akamtazama aliyekuwa kwenye usukani. Akaangua kicheko.

"Shikamoo, Mama Basi! Miaka thelathini na mbili ya kubeba abiria barabara hii, bado hujaichoka tu?"

"Marahaba. Hebu nyamaza wewe," alisema mama, akimfungulia mwalimu mlango. "Niko darasani."