Kwa Fuko Inafanya Kazi

Fuko, asiyependa kutoka shimoni, alitunga programu ya kukadiria mafuriko, akaiweka mtandaoni ili wanyama wote waisakinishe. Kanga mwenye vifaranga akamfuata mlangoni.

"Mzee Fuko, imekataa tena. Inadai faili ambalo hukutupatia."

"Kwangu inafanya kazi," Fuko akajibu kwa uchovu. Kila aliyelalamika alijibiwa hivyo hivyo.

Mvua kubwa ikanyesha. Programu ikamwonya Fuko, akatoka mbio, kompyuta ikazama. Akafika kwa Kanga kilimani amelowa chapachapa, akaisakinisha programu upya kwenye kompyuta ya Kanga ili ajue kama maji yatafika huko. Ikamdai faili lililobaki shimoni.

"Imekataa," akanong'ona.

Kanga akakusanya vifaranga wake, asijue awapeleke wapi.

"Kwako inafanya kazi, mzee," akasema kwa uchovu. "Rudi kwako."