Kadi za Golikipa Mbonea

Kabla ya alfajiri kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, lakini Bi Nakiete hakukaa kunywa chai. Alitaka kuwahi ukumbi wa kata, ambako mwanawe Mbonea, golikipa mstaafu, angesaini kadi kwa mashabiki.

Siku hizi mchezaji akisaini kadi, kumbukumbu iliyochapwa juu yake humtoka na kumwingia mnunuzi. Mbonea alikwisha kuuza penalti zote alizodaka. Mashabiki walipotaka zaidi, akaanza kuuza utoto wake.

Foleni ilifika nje. Mwanamke mjamzito akamvuta Bi Nakiete mkono. "Pita mbele yangu, bibi. Miguu yako imevimba."

Mbele yao mwanamume mmoja alikuwa amefumba macho, kidole gumba juu ya saini mbichi. "Mama yake anamwogesha kwenye karai!" alisema. "Anamwimbia, jamani! Sabuni imeniingia machoni!" Watu wakacheka.

Bi Nakiete hakungoja zamu. Akajipenyeza mpaka mezani.

"Mbonea, baba, acha kusaini. Twende nyumbani."

Mbonea alimtazama kwa upole. Mezani hapakuwa na kadi hata moja.

"Pole, bibi, zimekwisha," alisema. Akainuka, akamkalisha kwenye kiti chake, akammiminia maji. "Una mtoto wa kukuangalia?"

"Ninaye," alijibu Bi Nakiete.

"Ana bahati huyo. Uje tena kunitembelea, bibi. Mimi sina mtu."