Sura ya Kulia

Geti la kituo cha treni ya chini ya ardhi, hapa mtaani kwetu, hufunguka kwa sura tu. Sura ya mtu huandikishwa akiwa na siku arobaini, kisha tena akifikisha miaka mitano. Binti yangu Tunu aliandikishwa akiwa analia. Basi kila asubuhi nikimpeleka kwa bibi yake, lazima nimfinye alie ndipo geti limtambue.

Sasa ana miaka miwili. Jioni nikimwogesha, napaka mafuta zile alama za pajani.

Leo nikagoma. Nikamsimamisha mbele ya geti akicheka, meno yote nje. Taa nyekundu ikawaka.

"Dada, si umfinye kidogo tu? Tunachelewa!" akafoka mwanamke nyuma yangu.

"Njoo nikufinye wewe!"

Sadiki, mlinzi wa kituo, akanisogelea. "Mama Tunu, mbona unajitesa? Wenzako wote wanafinya."

"Simfinyi! Leo geti lenu litamjua mwanangu anavyocheka, au tutashinda hapa hapa."

Nilikuwa na hasira, lakini moyoni nilijiona nimeshinda. Ndipo Tunu akaitazama ile taa, akanitazama mimi, kisha akashika paja lake mwenyewe kwa vidole viwili, akafinya. Uso ukakunjamana, machozi yakamtoka.

Geti likafunguka.

"Karibu, Tunu," likasema, kwa sauti ya upole kama ya mama.