Mbwa Juu ya Paa

Filamu hii ya shujaa anayeruka tumeirudia mara nyingi hapa Rongo, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na DJ. Binti yangu Nyasuguta huyatamka maneno ya DJ kabla yake. Tangu amalize dawa ya macho hajalalamika, nami niliamini amepona.

Leo niliona kitu ambacho DJ hakitaji kamwe. Shujaa akitua juu ya paa, mbwa mweupe anatokea nyuma yake.

“Kumbe kuna mbwa,” nikasema.

“Wacha zako, Mama. Hii naijua kukushinda. Hakuna mbwa.”

Mbwa aliposogea karibu, nilisimamisha picha. Uso wake ulijaa skrini nzima, ulimi nje.

Nyasuguta alikuwa bado anatabasamu, ameigeukia spika.

“Mama,” akauliza, “mbona umezima TV?”